Maoni Yanayosubiri Idhini

"Huyo anayeandika si mdogo wangu," mwanamke alisema, na kabla hajakaa alikuwa ameshaweka simu yake mezani, mbele ya Inspekta.

Inspekta hakuigusa. Alimtazama kwanza mwenye simu. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto, mtu mzima, ametoka zamu bila kubadilisha sare, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Haikuwa mara yake ya kwanza kufika kituoni. Huko nyuma aliishia kaunta, akapewa maneno matamu na kurudishwa nyumbani. Leo alikataa kuondoka mpaka aonane na mpelelezi.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mdogo wake, ambaye wasomaji walimwita Mama Rafu kwa sababu ya blogu yake ya vitabu, Rafu ya Chini, alikuwa hajaonekana kwa wiki kadhaa. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mume wake alisema amekwenda kutafuta utulivu ili aandike. Na kweli, kila Ijumaa blogu ilitoa makala mpya ya kuhakiki kitabu. Mkuu wa kituo alishasema lake: mtu anayeandika kila Ijumaa hajapotea, amesusa.

"Umejuaje si yeye?" Inspekta aliuliza.

"Soma hii ya zamani. Halafu soma ya Ijumaa iliyopita."

Inspekta hakuwa msomaji wa riwaya. Kazi yake ilimshibisha ripoti za madaktari na michoro ya ajali. Lakini alivaa miwani akasoma.

*Katika kitabu hiki mama mwenye nyumba anapika kila sura na hajaosha sufuria hata moja,* ilisema makala ya zamani. *Msikinunue kama mnatafuta mapenzi. Kinunueni kama mna mama mkwe mgumu, maana sura ya nne inamfahamu vizuri kuliko mnavyomfahamu nyinyi. Sura ya tisa irukeni. Mimi niliisoma ili nyinyi msiisome.*

Koplo, aliyekuwa amesimama dirishani, alicheka. "Kumbe ndiyo maana anaitwa Mama Rafu. Anacheza rafu."

"Sasa hiyo mpya," alisema dada mtu.

*Hiki ni kitabu cha kusisimua mwanzo hadi mwisho. Mwandishi ana kipaji cha pekee. Mwisho wake utakutoa machozi. Usikikose.*

Inspekta aliisoma tena, akitafuta kitu cha kushika. Hakukipata. Maneno yale yangeweza kubandikwa kwenye kitabu chochote, hata cha hesabu.

"Mdogo wangu alikuwa anaandika ili mtu asipoteze jioni yake," dada mtu alisema. "Aliniambia hivyo. Akisema kitabu kizuri, anakwambia kizuri kwa nani na akisome lini. Hii mpya haimsaidii msomaji yeyote. Nimekaa nikajiuliza, afande, inaandikwa kwa ajili ya nani?"

"Wachapishaji wa vitabu," Koplo alidakia. "Wanataka kusifiwa tu."

"Labda," alisema Inspekta. "Umewahi kumwandikia pale chini, kwenye maoni?"

"Nimeandika wee. Hayatokei. Zamani yalikuwa yanatokea hapo hapo."

Inspekta alivua miwani. "Koplo, tafuta ufunguo wa gari."

*

Mume wa Mama Rafu alikuwa mpima ardhi. Nyumba yake ilikuwa safi kupita kiasi: viatu vimepangwa kwa ukubwa, ramani zimeviringishwa na kusimamishwa kwenye pipa la bati. Aliwakaribisha kwa adabu, akawaletea maji yeye mwenyewe, akaweka kisahani chini ya kila glasi.

"Shemeji yangu ana wasiwasi sana," alisema. "Simlaumu. Hospitali anaona mengi. Lakini mke wangu mzima, afande. Ameandika juzi tu."

"Mmeongea?"

"Akiwa anaandika hapendi simu. Mimi nasoma blogu, natulia."

"Yuko wapi?"

"Hakusema." Alitabasamu kidogo, kama mtu anayezungumzia tabia ya mtoto. "Wasanii hao."

Inspekta aliomba kuona chumba alichokuwa anafanyia kazi. Kilikuwa mwisho wa korido, chembamba, vitabu toka sakafuni hadi darini, kompyuta kubwa ya mezani, dirisha lenye nondo. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Komeo lilikuwa upande wa nje. Rangi ya mlango ilikuwa imechakaa na kubanduka, lakini skrubu za komeo zilikuwa bado zinang'aa.

"Hiki kilikuwa stoo," mume alisema, kabla hajaulizwa.

"Zamani?"

"Zamani."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Kwenye meza, kando ya kompyuta, vilikuwepo vitabu vipya ambavyo migongo yake haikuwa na mkunjo hata mmoja. Alichukua kimoja, akakigeuza, akasoma jalada la nyuma. *Riwaya ya kusisimua mwanzo hadi mwisho, kutoka kwa mwandishi mwenye kipaji cha pekee. Mwisho wake utakutoa machozi.* Alikirudisha mahali pake kama alivyokikuta.

Wakiwa wanatoka, mume aliwasindikiza hadi kwenye gari. "Mkipata habari yoyote ya mahali alipo," alisema, mkono juu ya kioo kilichoshushwa, "mniambie mimi kwanza. Tafadhali. Mimi ndiye mume."

Koplo aliendesha mpaka barabara kuu.

"Anaandika yeye," alisema hatimaye. "Ananakili majalada."

"Hilo halina ubishi."

"Basi kamuua. Anaandika ili tudhani yu hai."

"Inawezekana," Inspekta alisema. "Ila mtu aliyeua anataka swali la *yuko wapi* lisiulizwe kabisa. Huyu analiuliza yeye."

*

Kulikuwa na mtu mwingine wa kuhojiwa. Zamani kidogo, chini ya makala moja kali, mtu alikuwa ameandika kwa jina lake kamili: *Ipo siku utakaa kwenye kiti changu, tuone utasema nini.* Mtu huyo alikuwa daktari wa meno, na siku za mapumziko aliandika riwaya za mapenzi.

Waliingia kliniki yake mchana, kati ya wagonjwa wawili. Alikuwa mnene, mpole, na aliposikia sababu ya ujio wao alijikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha wagonjwa.

"Niliandika, ndiyo. Nilikuwa na hasira. Alisema shujaa wangu anabusu kama mtu anayepima joto la uji."

Koplo alijikohoza akageukia ukutani.

"Na alikuja kukaa?" Inspekta aliuliza.

"Alikuja. Mwenyewe. Alikuwa na jino lililovunjika, akasema hapa ndipo mahali pekee anapojua daktari anamkumbuka. Nilicheka. Tukazoeana kwa barua pepe. Amenisomea muswada wa kitabu changu kipya karibu chote, akanitia kalamu nyekundu mpaka nikamshukuru."

"Jino lilivunjikaje?"

"Alisema ameanguka bafuni." Alijishika taya bila kujua. "Afande, mtu akianguka huvunja meno ya mbele. Lake lilikuwa la pembeni, na shavu limeumia kwa ndani. Nilimuuliza. Akaniambia nishughulike na meno, kwa sababu maneno siyawezi."

Inspekta aliandika. Ilikuwa zamu ya daktari kuuliza. "Mnadhani amekufa?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kwa sababu ya uhakiki wa Ijumaa. Kile ni kitabu changu, hicho kipya. Anasema mwisho wake utamtoa mtu machozi." Alinyanyuka, akavuta nakala kutoka kabatini, akaifungua nyuma. "Nakala za kwanza, za wahakiki na za madukani, zilikosewa kiwandani. Kurasa za mwisho hazimo. Mahali pake wamefunga tena kurasa za mwanzo. Msichana yuko uwanja wa ndege anaagana na mchumba wake, ukigeuza ukurasa yuko darasa la saba. Mtu yeyote aliyefika huko angenipigia simu akinicheka. Yeye ndiye angekuwa wa kwanza."

"Uliandika kwenye maoni kumwambia?"

"Siku ile ile. Hayajatokea mpaka leo."

Inspekta alimwomba aeleze alikuwa wapi wiki ile Mama Rafu alipotoweka. Alikuwa kwenye mafunzo ya madaktari, mji mwingine, mbele ya darasa zima. Koplo alipiga simu palepale, akathibitisha.

Nje ya kliniki, Koplo alikuwa amepoteza uchangamfu. "Jino, komeo, nondo. Afande, tukachimbe ua wake."

"Kwanza tukaone maoni yasiyotokea."

*

Walirudi na hati ya upekuzi, wakiwa wamejiandaa kwa ubishi. Hawakuupata. Mume aliisoma hati mstari kwa mstari, akawafungulia chumba, akawasha kompyuta kwa mkono wake, akamwandikia Koplo neno la siri la blogu kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa zisizo na utata.

"Sina la kuficha. Mnaweza kuona mambo ambayo mimi siwezi kuyaona," alisema. "Kampuni za mtandao hazimsikilizi raia."

Inspekta alimtazama. Mume alitazama kompyuta.

Kituoni, Koplo alifungua blogu kwa upande wa ndani, ule ambao wasomaji hawauoni. Palikuwa na sehemu ya maoni yanayosubiri idhini ya mwenye blogu. Yalikuwa mengi. Ya dada mtu yalikuwemo, yote: *Mdogo wangu, uko wapi? Mdogo wangu, nijibu.* Ya daktari wa meno yalikuwemo. Na kati yao, chini ya kila makala mpya bila kukosa, kulikuwa na maoni ya mtu asiyejitaja jina.

Koplo aliyasoma kwa sauti. "*Uhakiki huu hautaji hata mhusika mmoja. Umekisoma?*" Akashuka chini. "*Mjane unayemsifu hafiwi na mtu. Mume wake yupo hai mpaka ukurasa wa mwisho.*" Akashuka tena. Chini ya makala ya Ijumaa: "*Msiwadanganye watu. Kitabu hiki hakina mwisho. Kurasa zimefungwa vibaya. Subirini nakala nyingine.*"

Walitazamana.

"Yu hai," alisema Koplo.

"Yu hai, na kakisoma kitabu." Inspekta alivuta kiti karibu. "Hana tena neno la siri, limebadilishwa. Kwa hiyo anaingilia mlango wa wageni. Hizi namba pembeni ya maoni ni nini?"

"Namba za mtandao. Zinaonyesha maoni yametumwa kupitia mtandao wa nani. Sisi tukiiandikia kampuni kwa barua ya kiofisi, watatuambia."

"Na raia akiandika?"

"Hawamjibu."

Nje, mtu alikuwa anaosha gari la doria na redio imefunguliwa. Alirudia kichwani maswali kama alivyozoea, moja moja. Kwa nini mtu anakili jalada la nyuma na hata asijisumbue kuficha? Kwa nini aruhusu makosa ya wazi? Kwa nini asome maoni yale, asiyafute, asiyaidhinishe, ila ayaache yakae na namba zake?

"Dada yake aliuliza makala hizi zinaandikwa kwa ajili ya nani," alisema. "Wewe ukasema wachapishaji. Mimi nikadhani ni kwa ajili yetu, ili tufunge faili. Tumekosea wote. Zina msomaji mmoja tu. Huyu bwana anamjua mke wake: kitu pekee asichoweza kukivumilia ni kitabu kusifiwa na mtu ambaye hajakisoma, tena kwa jina lake. Kila Ijumaa anamchokoza. Kila anapojibu, anaacha namba."

Koplo alishusha mikono kutoka kwenye kibodi. "Na namba akashindwa kuigeuza mahali."

"Ndiyo maana katuandikia neno la siri kwa herufi kubwa. Mpima ardhi amepata kipimo, anatafuta ramani. Ramani ni sisi."

*

Jibu la kampuni ya mtandao lilifika: maktaba ya umma, mji mdogo upande wa pili wa milima. Inspekta hakumwambia mtu nje ya chumba kile, wala dada mtu, ingawa moyo ulimuuma. Alipiga simu kituo cha mji ule, akaomba askari wawili wa kike, wasio na sare, wakae maktaba wasome magazeti.

Njiani kuelekea huko, walipopita kituo cha mafuta cha kwanza, Koplo alitazama kioo cha nyuma. "Kuna gari jeupe. Lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya ofisi yetu asubuhi."

"Nimeliona."

"Nilipoteze?"

"Nenda kawaida. Akikosa leo, atarudi siku ambayo sisi hatupo."

Maktaba ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gundi na vumbi. Askari wawili walikuwa kwenye magazeti yao. Mama Rafu alikuwa meza ya mwisho, karibu na kompyuta za umma, ameweka mgongo ukutani. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Inspekta alivyomwazia. Alipoona kitambulisho hakushtuka. Alifunga kitabu, akaacha kidole ndani kushika ukurasa.

"Yeye ndiye kakutuma?"

"Dada yako."

Kidole kilitoka kitabuni. "Anaendeleaje?"

"Halali. Kwa nini hukumwambia?"

"Dada yangu hajui kuficha kitu. Na shemeji yake anakwenda pale kila Jumapili, anakula, anamtazama usoni. Angejua kabla chai haijapoa."

Inspekta alikaa. Aliuliza kwa upole, lakini aliuliza yote, na Mama Rafu alijibu kwa sentensi fupi, kama mtu aliyekwisha kuzipunguza mara nyingi. Komeo liliwekwa baada ya yeye kukubali mwaliko wa kuzungumza na wanafunzi wa chuo bila kumwomba mume ruhusa. Alifungiwa mchana, akafunguliwa jioni. Alipopiga mlango sana, mume aliingia akampiga, ndipo jino lilipovunjika. Siku mume alipoitwa haraka kazini akasahau komeo, alitoka na mkoba na kitabu kimoja. Sasa anaishi kwa bibi mmoja aliyekuwa akimwandikia barua tangu blogu ilipoanza, na humsomea vitabu kwa sababu macho ya bibi huyo yamefifia.

"Ulijua ni yeye anayeandika?"

"Kwa mstari wa kwanza."

"Ulijua kwamba ukijibu unaweza kuonekana?"

Mama Rafu alitazama kompyuta ya umma. "Nilijua. Kila Ijumaa nilijiambia leo sijibu. Lakini kuna watu wananiamini, afande. Mtu ametoka kazini amechoka, kaniamini, kanunua kitabu kisicho na mwisho. Ningelala vipi?"

"Utasaini maelezo haya?"

Alisoma kila alichoandika Inspekta. Alichukua kalamu, akasahihisha neno moja, akasaini.

Mlango wa mbele ulifunguka. Mume aliingia taratibu, akafuta viatu kwenye kapeti, akatazama huku na huku mpaka macho yakatua meza ya mwisho. Uso wake ulilainika.

"Asante, afande," alisema kwa sauti ya chini ya maktaba. "Mmenisaidia sana. Mke wangu, chukua vitu vyako, twende nyumbani."

Mama Rafu hakusogea. Inspekta alisimama akawa katikati yao. Magazeti mawili yalishushwa kwa pamoja, na Koplo akafunga mlango kwa ndani.

Mume aliwahesabu kwa macho, mmoja mmoja, kama anavyosoma vigingi vya mipaka. "Kosa langu ni nini? Nimeandika vibaya?"

"Kuandika vibaya si jinai," Inspekta alisema. "Kumfungia mtu na kumjeruhi ni jinai. Weka mikono mezani."

Aliiweka sambamba, vidole vimenyooka. Alipokuwa anatolewa aligeuka kutaka kusema kitu, lakini mke wake alikuwa ameshafungua kitabu chake na anatafuta ukurasa aliokuwa ameupoteza.

Inspekta alisubiri mpaka gari liondoke. Kisha akatoa simu yake, akabonyeza namba ya nesi, akampa.

"Dada," Mama Rafu alisema. "Ni mimi."

Inspekta aliisikia pumzi ya upande wa pili. Dada mtu alikuwa amesoma makala za uongo kwa wiki nyingi, zote kwa jina la mdogo wake, na hakuwa tayari kudanganywa tena na jina.

"Kile kitabu nilichokununulia siku yako ya kuzaliwa," sauti ilisema hatimaye, kavu, kama ya mtu wa kaunta. "Cha yule kapteni wa meli. Ulikionaje?"

"Kibaya, dada," alisema Mama Rafu. "Kibaya mno. Nilikosa namna ya kukwambia."

Upande wa pili dada yake alianza kulia kwa sauti, na Inspekta akaenda kusimama dirishani, ili wabaki wawili.